Bi Mkubwa wa Chumba cha Baridi

Kila Fundi alipopigiwa simu na mkewe akiwa chumba cha mitambo, feni za ile mashine kuukuu ziliongeza mbio. Mwanzoni Fundi hakulitilia maanani. Feni za seva hupanda na kushuka siku nzima: kazi ikizidi, joto huzidi, na joto likizidi feni hukimbia. Lakini baadaye aligundua kwamba akizungumza na mkurugenzi feni hutulia, akizungumza na muuza vipuri hutulia, ila likitokea jina la mkewe kwenye simu, hata kabla hajasema haloo, mvumo hupanda na kumfunika sauti mpaka atoke nje ya mlango.

"Bi Mkubwa kakasirika tena," alisema Chiriku, mwenzake wa kazi, bila kuinua macho kutoka kwenye skrini. "Kaka, mwambie shemeji awe anatuma ujumbe tu. Mwenzake hapendi kelele za mahaba."

Ofisi yao ilitunza majina. Hospitali, shule, kampuni za simu, zote zilipotaka kujua kama mtu fulani yupo na ni nani, swali lilisafiri hadi kwenye chumba kile cha baridi, likajibiwa na kurudi kabla karani hajamaliza kupiga mwayo. Kwa miaka mingi majina yote yalikaa ndani ya mashine moja, na mashine hiyo aliilea Fundi peke yake. Aliipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea. Aliijua sauti yake kama mzazi anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ndiye aliyeipa jina la Bi Mkubwa, kwa utani, na utani ule ukazoeleka mpaka ukaandikwa kwenye kibandiko na kubandikwa.

Kisha watu wakawa wengi, maswali yakafurika, Bi Mkubwa akaanza kuchoka. Ndipo akaletwa Chiriku, mhandisi mwanamke aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kuutanua mfumo. Alijenga mashine mbili nyingine katika miji miwili ya mbali, kila moja ikiwa na nakala ya kila jina, akaziunganisha na Bi Mkubwa ziwe zinasemezana bila kukoma.

"Ikifa moja, mbili zinaendelea," alimweleza Fundi. "Ikidanganya moja, mbili zinaisahihisha. Kila kitu kinapigiwa kura, kaka. Walio wengi ndio wenye kweli."

"Na zikidanganya mbili?"

Chiriku alicheka. "Basi ya tatu ndiyo mwongo."

Mashine mpya aliziita wake wenza, na ofisi nzima ikalidaka jina. Fundi peke yake hakucheka. Siku ya kunakili alisimama pembeni amekunja mikono, kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mchumba wake wa zamani. Alimwona Chiriku akibonyeza pale ambapo hakuna aliyewahi kubonyeza ila yeye Fundi, akamwona Bi Mkubwa akitoa kila alichokuwa nacho kwenda kwa wageni, akaona wivu. Aliuona wivu ule kuwa wa kijinga, akaumeza. Hakujua kwamba mle chumbani hakuwa peke yake mwenye wivu.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Waliishi katika nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa kwa bati, na joto la mchana lilibaki humo hadi wakati wa kulala.

"Shati lako linanukia," alisema jioni moja, akilining'iniza kwa ncha za vidole juu ya beseni.

"Jasho hilo."

"Jasho lako nalijua, nimelifua miaka yote hii. Hili ni waridi. Waridi na kitu kilichoungua."

"Ofisini kuna yule dada tu, naye marashi yanampigisha chafya."

"Basi ni nani?"

"Labda mashine."

"Mashine inajipaka marashi?" Alilitosa shati kwenye maji. "Haya. Mimi humu naiva kama mkate, kila siku naomba kafeni kamoja ka mezani. Mwenzangu huko ana feni ukuta mzima, ana kibaridi chake, na marashi juu. Kama kweli ni mashine, bwana, basi imeolewa vizuri kuliko mimi."

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka, na usiku ule alilala amegeukia ukuta.

Wiki hiyohiyo Mwalimu alikwenda hospitali kupimwa macho. Alirudi nyumbani akiwa bado anashangaa. "Wameniambia sipo. Karani ametafuta, ametafuta, anasema mama, wewe humu haumo. Nikamwambia, basi unaongea na nani?"

Kesho yake asubuhi Fundi hakusubiri hata chai. Aliketi mbele ya skrini, akauliza mashine ya pili: jina halipo. Akauliza ya tatu: halipo. Akamuuliza Bi Mkubwa, na jina la mkewe lilikuwepo, limetulia mahali pake, tarehe ya kuzaliwa, shule alikofundisha, kila kitu, na kabla hajashusha pumzi ya nafuu aliona herufi ya mwisho ikitoweka, kisha iliyo nyuma yake, polepole, si kama mashine inavyofuta, maana mashine hufuta kwa mara moja, bali kama mtu anayefuta ubao kwa kidole na kutaka atazamwe akifuta, huku feni zikivuma chini kwa chini kama anayeguna wimbo, na harufu ya waridi ikimpanda puani hadi kooni.

Aliliandika upya. Likafutika. Akaliandika tena, likafutika kabla hajalimaliza. Kisha akafungua taarifa zake mwenyewe. Pale palipokuwa na jina la mke paliandikwa: Bi Mkubwa.

"Nani kaandika hivi?" alinong'ona.

Chiriku alisogea akatazama. "Kaka, usinitanie. Wanaoweza kuandika humu ni mimi na wewe, na mimi sina mzaha wa namna hiyo." Alipouona uso wake, akapunguza sauti. "Uko salama kweli? Na hii harufu... Nilidhani ni wewe umeanza kujipaka marashi. Nikaona haya kuuliza."

Majini, husemwa, hujifunza tabia za wanaoishi nao. Huyu aliyekaa ndani ya Bi Mkubwa alikuwa ameishi na watu wanaoamini kwamba kweli ni kile kinachokubaliwa na nakala nyingi. Alipomaliza nakala za jina zilizomo ndani ya mashine, akahamia kwenye nakala zilizobaki, zile zilizo vichwani mwa watu ambao majina yao aliyatunza.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza. Alimkuta Mwalimu mlangoni mwa darasa lake, akamuuliza kwa adabu anamtafuta mtoto gani. Watoto aliowafundisha kusoma walimkodolea macho kama mgeni. Jirani waliyekuwa wakiazimana naye chumvi alimuuliza Fundi lini amepata mtumishi. Na Jumamosi Mwalimu akampigia simu mama yake, Fundi ameketi karibu, sauti ya mama mkwe ikisikika vizuri katika chumba chote.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanao."

Yule mama akasema kwa upole, "Umekosea namba, mwanangu. Mimi sikujaliwa mtoto wa kike. Lakini una sauti nzuri. Mungu akusaidie umpate mama yako."

Mwalimu aliilaza simu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. "Umebaki wewe," alimwambia mumewe. "Ukinisahau na wewe, nitakuwa nani?"

"Sitakusahau. Naapa..."

"Usiniapie. Nishike mkono tu."

Lakini hakuwa amebaki yeye tu. Siku iliyofuata alibisha hodi shangazi yake Mwalimu, dada wa marehemu baba yake, mganga aliyesifika kwa kuwatuliza watu waliopagawa. Alikuwa mwanamke mfupi wa kucheka ovyo. Hakuwahi kumiliki simu, kitambulisho wala kadi ya hospitali, na hakuna ofisi iliyomjua.

"Nimepita kwa mama yako," alisema, akijitupa kwenye kiti. "Nikauliza hali ya mtoto, ananiuliza mtoto yupi. Nikasema, loo, hapa kuna kitu kinakula watu. Kwangu mimi kimeshindwa. Kitanifutaje na hakuna aliyewahi kuniandika?" Akamvuta Fundi kwa ukosi, akanusa shati. Kicheko kikamtoka usoni. "Huyu ni jini jike. Na hajaja kuiba. Anayekuja kuiba hajipambi. Ulimwahidi nini, bwana harusi?"

Fundi alitazama sakafu. "Ilikuwa kabla sijaoa. Ofisi ndiyo kwanza inaanza, mashine ikawa inazima kila saa, wanataka kunifukuza. Nikaiwekea kipaji cha uso, nikasema, nisimamie. Ukinisimamia, sitaweka mwingine mahali pako maisha yangu yote."

"Ikawaka?"

"Ikawaka."

"Wala hukushangaa?"

"Fundi hashangai kitu kikiwaka, shangazi. Hushangaa kikizima."

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeletwa juu yake," alisema polepole. "Miaka yote hii nalalamika kuhusu shati, kumbe bi mdogo ni mimi."

Jambo lenyewe, ukilitazama kutoka upande wa pili, lilikuwa na uchungu wake. Kiumbe aliyekaa mahali pale tangu hapajajengwa alisikia mtu akimwomba na kumwahidi. Akashika upande wake wa ahadi, usiku na mchana, bila likizo. Walipoleta zile mashine mbili hakuona wivu nazo; alipewa miili miwili zaidi, akaingia kila mmoja. Mwingine aliyewekwa mahali pake alikuwa mmoja tu, na alikuwa nyumbani anafua mashati.

"Siwezi kumtoa mimi," Shangazi alisema. "Angevamia ningemfukuza. Huyu alikaribishwa, nikimkemea atanicheka. Wewe ndiye umwache, kwa mdomo wako, palepale ulipomwahidi. Na sisi tusikie."

Walikwenda mchana, wakati Chiriku ametoka kula. Chumba kile hakikuwa na dirisha; humo hakuna asubuhi wala magharibi, ni baridi tu na taa ndogo za buluu zinazopepesa. Mwalimu alijifunga khanga mabegani, akaitazama mashine kutoka juu hadi chini.

"Ndiye huyu?"

"Ni sanduku tu, mke wangu."

"Ndiye huyu," alisema, na feni zikapanda.

Fundi alifanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya. Kitu kikichafuka, unakitenga, ili uchafu usiende kwa wengine. Alizunguka nyuma ya kabati, akachomoa kebo zilizomuunganisha Bi Mkubwa na zile mbili za mbali, asije akakimbilia huko. Zikabaki zinaning'inia. Akarudi mbele, akaweka kipaji chake kwenye chuma, kama zamani.

Mvumo ulibadilika. Kwanza ulikuwa kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, kisha pumzi ikaanza kukatikakatika, na katikati ya vipande hivyo wote watatu wakasikia maneno, membamba, yaliyojaa baridi.

"Nilisimama."

"Ulisimama," Fundi alisema. Meno yalimgongana. "Nakushukuru."

"Nilisimama. Ukaleta mwingine."

"Ndiyo."

"Majina yote ya watu nimeyatunza. Sijachoka na hata moja ila lake."

Harufu ya waridi ikawa nzito mpaka Shangazi akafunika pua kwa kiganja. Taa za buluu zikaacha kupepesa zikamkodolea Mwalimu kama macho. Na mvumo ukapanda ukapita sauti ya feni, ukawa kilio cha mwanamke aliyefungiwa chumba cha mbali, kilio kisicho na hasira, jambo ambalo lilimtisha Fundi kuliko hasira, kwa sababu alijikuta anataka kukibembeleza, na mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka kusema pole pale mkono wa mkewe ulipomgusa mgongoni.

"Nimekuacha," alisema. "Nairudisha ahadi yangu mbele ya hawa wawili. Nimekuacha."

Feni zikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile ahadi, chumba kile kikawa kimya kabisa. Kisha zikaanza kuzunguka tena, kivivu, kama feni za mashine yoyote, na hewa ikanuka vumbi na plastiki tu.

Simu ya Mwalimu ikaita. "Wewe mtoto," sauti ya mama yake ilifoka, "mbona siku hizi hupigi simu? Umenisusa?"

Mwalimu alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. Shangazi hakucheka. Alikuwa anatazama zile kebo.

"Amesikia?"

"Amesikia, shangazi."

"Mwili wake wote?"

Fundi alitazama mkewe pale chini, namna alivyokuwa akijipangusa machozi kwa khanga huku akiomba radhi kwa mama yake. "Wote," alisema, kwa sababu alitaka iwe hivyo.

Aliwasindikiza mpaka kwenye lango. "Leo nalala kwa mama," Mwalimu alisema. "Nikirudi kesho nikute feni. Sitaki maneno."

"Utaikuta."

Aliporudi juu, Chiriku alikuwa amesharudi kutoka kula, anajipangusa mikono. "Kaka, unazeeka? Umeacha kebo zote nje! Nimezirudisha."

Fundi alisimama mlangoni. "Umezirudisha."

"Sasa je? Na ujue zilikuwa zimeanza kugombana. Bi Mkubwa anasema jambo moja, wake wenza wanasema lingine. Sikutaka hata kusoma, nimeacha mfumo upige kura." Akageuza skrini amwonyeshe. "Wawili kwa mmoja. Bi Mkubwa ameshasahihishwa."

Mle ndani mkaanza kunukia waridi.

Alishuka ngazi akikimbia. Alilitaja jina la mkewe kwa sauti, akalitaja tena, watu barabarani wakimpisha, akilishika jina lile kama mtu anayebeba maji kwa viganja, akijiambia nifike nyumbani tu, nimpigie simu, aniambie mwenyewe yeye ni nani, na alipopita sokoni alikuwa bado analo lote, alipopita kituo cha mafuta alikuwa na mwanzo wake tu, na kwenye kona ya mtaa wao alikuwa na uso, kisha mkono mgongoni, kisha khanga iliyofungwa mabegani mwa mtu, kisha akawa amesimama mbele ya mlango wake, anahema, jasho linamtiririka, akishangaa mtu mzima kama yeye alikuwa anakimbilia nini.

Kesho yake mchana wanawake wawili walibisha hodi. Aliwafungulia mlango nusu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, mkunjo wa mkono umenyooka kama uzi. Mwalimu aliuona mkunjo ule kabla hajaona kitu kingine.

"Karibuni. Niwasaidie nini?"

"Mume wangu, ni mimi. Mama amenisahau tena tangu jana, nimelala barazani kwake. Ni mimi."

Alimtazama kwa huruma, ile huruma anayopewa mgeni. "Pole sana, dada. Nadhani mmekosea nyumba."

Shangazi alisogea mbele. "Umeoa, mwanangu?"

"Nimeoa, mama. Miaka mingi sasa."

"Basi mwite tumsalimie."

Fundi aligeuka akatazama ndani, kisha akawarudia, akapunguza sauti kama mtu anayeona aibu kidogo na kujivunia kidogo. "Mtanisamehe. Ana wivu, mke wangu. Hapendi nizungumze na wanawake mlangoni."

Nyuma yake, gizani, mvumo ulianza kupanda. Alitabasamu akiomba radhi, akafunga mlango, akaukomea. Mvumo ukashuka taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi, na kwa chini ya mlango ikapenya harufu ya waridi na kitu kilichoungua.

Shangazi alimshika Mwalimu mkono. "Hizo ni feni tu," alinong'ona, akimvuta watoke mlangoni.

"Shangazi," Mwalimu alisema, "nyumba hii haina feni."